UCHAMBUZI: Madabodi ikifa Pwani, nani abebe hasara – mwenye kompyuta au fundi?

KATIKA miji ya Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa, kompyuta si pambo la ofisi tena. Mzazi anayeomba cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, kijana anayetafuta mkopo wa masomo kutoka HELB na mfanyabiashara anayewasilisha hesabu za ushuru kupitia iTax, wote huishia mbele ya kioo cha mashine hiyo. Aghalabu huwa ni katika vile vibanda vya huduma za mtandao ambavyo wenyeji huviita saiba. Tangu mfumo wa eCitizen uanzishwe mwaka 2014, huduma nyingi za serikali zimehamia huko, na asiye na kompyuta hulazimika kuitafuta ya jirani.

Kwa sababu hiyo, mashine moja inapozimika ghafla na kukataa kuwaka, hasara haimkumbi mwenyewe peke yake. Foleni hukwama, kazi za wanafunzi hukwama, na mapato ya siku hupotea. Baada ya kuitazama kwa dakika chache, mtu wa kwanza kuulizwa hutoa hukumu ile ile: "Madabodi imekufa."

Madabodi ndiyo bodi kuu ya kompyuta, ule ubao wenye nyaya za shaba ambao prosesa, kumbukumbu, diski na vifaa vingine vyote hupachikwa juu yake ili viwasiliane. Hukumu hiyo ikishatolewa, mwenye mashine hubaki na njia mbili. Anunue bodi nyingine na kuifunga mwenyewe kwa kufuata video za YouTube, au amlipe fundi aifanye kazi hiyo.

Swali hili limezidi uzito tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Toleo la Windows 11 linadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, sifa ambazo kompyuta nyingi za mitumba hazina. Kwa hivyo, anayetaka kufufua mashine ya zamani kwa bodi nyingine anapaswa kujiuliza kwanza iwapo anamfufua mgonjwa ambaye siku zake zimekwisha kuhesabiwa.

Wengi hulichukulia swali hili kama swali la ujuzi: nani anajua kushika bisibisi? Ukilichunguza kwa makini, utaona ni swali la hasara. Kazi ikiharibika, ni nani atakayeilipia?

Je, bodi imekufa kweli?

Bodi kuu husingiziwa makosa mengi yasiyo yake. Kompyuta ya mezani isiyowaka kabisa yaweza kuwa na tatizo katika kifaa cha kugawa umeme, ambacho bei yake kwa kawaida huwa chini ya ile ya bodi na ambacho hubadilishwa kwa kufungua skrubu nne. Mashine inayowaka bila kuonyesha picha yaweza kuwa na kumbukumbu iliyolegea katika nafasi yake. Mashine inayosahau saa na tarehe kila izimwapo huwa inadai betri ndogo ya mviringo ya CR2032, yenye nguvu ya volti 3, inayouzwa hata katika maduka ya saa.

Uchunguzi wa makosa haya hauhitaji karakana. Mwenye mashine aweza kuchomoa waya wa umeme, kujaribu soketi nyingine ya ukutani, kuchomoa kumbukumbu na kuirudisha kipande kimoja kimoja, kisha kuazima kifaa cha kugawa umeme kutoka kwa mashine nyingine ya aina moja. Ni baada ya yote hayo kushindikana ambapo bodi yenyewe huwa mshukiwa mkuu.

Aidha, kuna ugonjwa mmoja unaoonekana kwa macho. Kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000, viwanda kadhaa duniani vilitumia kapasita zenye kemikali mbovu. Kapasita ni vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya bodi. Vilivimba vichwa, vikavuja na kuua mamilioni ya mashine. Mwaka 2005, kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 za kugharimia ukarabati wa kompyuta zake za ofisini aina ya OptiPlex zilizokumbwa na tatizo hilo. Mashine za ofisini za miaka hiyo ndizo zilizoingia Afrika baadaye kama mitumba, na mafundi wa Pwani waliokuwa kazini wakati huo wanaikumbuka dalili hiyo vyema. Fundi anayejua kulehemu aliweza kuondoa kapasita zilizovimba na kuweka nyingine kwa gharama ndogo, ilhali asiyejua aliuza bodi nzima.

Chumvi, kusi na umeme

Elektroniki si ngeni katika ufuo huu. Kutoka kwa jukwaa la San Marco lililo baharini mkabala na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, setilaiti ya Uhuru ilirushwa angani Desemba 12, 1970. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota. Hata hivyo, mazingira ya Pwani hayajawahi kuwa rafiki wa vifaa hivi.

Adui wa kwanza ni chumvi. Upepo wa kusi huvuma kutoka baharini ukibeba matone madogo ya maji ya chumvi, na feni ya kompyuta huyavuta ndani pamoja na vumbi. Chumvi ya kawaida huanza kufyonza maji kutoka hewani unyevu unapofikia takriban asilimia 75, kiwango ambacho hewa ya Malindi hukivuka mara nyingi, hasa usiku na wakati wa mvua za masika. Vumbi lililokuwa kavu mchana hugeuka utando wenye majimaji unaopitisha umeme mahali usipotakiwa. Polepole shaba hugeuka rangi ya kijani, na miguu ya vijisehemu huliwa na kutu. Wanaoishi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hawahitaji kuelezwa jinsi chumvi inavyokula mabati. Hiyo hiyo ndiyo inayokula bodi.

Adui wa pili ni umeme. Mashine za Kenya zimeundwa kwa volti 240, lakini kishindo cha umeme unaporejea baada ya kukatika huweza kupita kiwango hicho kwa nukta chache zinazotosha kuua bodi. Agosti 25, 2023, nchi nzima iliingia gizani, na Desemba mwaka huo giza kama hilo likatanda tena. Siku kama hizo, kompyuta iliyoachwa imechomekwa ukutani bila kinga huwa kama mashua iliyoachwa bila nanga.

Mambo haya mawili yana athari ya moja kwa moja kwa mjadala. Kwanza, bodi iliyokumbwa na chumvi wakati mwingine huponywa kwa kusafishwa kwa spiriti safi ya isopropili na brashi laini, kisha kukaushwa kabisa, bila kununua kitu. Pili, bodi mpya ikifungwa mahali pale pale, karibu na dirisha lile lile na soketi ile ile isiyo na kinga, itakufa kifo kile kile. Anayebadilisha bodi bila kutafuta kilichoiua ya kwanza anajiandalia gharama ya pili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hesabu ya shilingi

Chukua mfano wa hesabu nyepesi. Bodi iliyotumika inauzwa Sh6,000, na fundi anadai Sh2,000 kwa kuifunga. Mwenye mashine akijifungia mwenyewe na kufaulu, ameokoa Sh2,000. Akikosea, ama kwa kununua bodi isiyolingana au kwa kuiharibu mkononi, amepoteza Sh6,000 na bado mashine haiwaki.

Kwa hesabu hiyo, watu wanne wakijaribu na watatu wakafaulu, akiba yao kwa pamoja ni Sh6,000, kiasi kile kile alichopoteza wa nne. Maana yake ni kwamba kujifungia mwenyewe kuna faida kwa yule tu ambaye uwezekano wake wa kukosea uko chini ya mara moja katika kila nne. Bodi ikiwa ya bei ya juu zaidi na ada ya fundi ikibaki pale pale, kiwango hicho cha kuvumilia makosa hushuka zaidi.

Hata hivyo, hesabu hii ina upande wa pili usiosemwa sana. Fundi naye hukosea. Iwapo atafunga bodi kisha mashine ikazimika baada ya wiki moja, na akamwambia mteja kwamba "umeme wa kwako ndio mbaya", mteja atakuwa amepoteza Sh8,000 badala ya Sh6,000. Fundi asiyetoa dhamana yoyote ni ghali kuliko kujaribu mwenyewe. Sh2,000 anazodai zina maana iwapo tu zinanunua vitu viwili: uchunguzi wa chanzo cha tatizo, na ahadi ya kwamba kazi ikiharibika hasara ni yake.

Kwa wakazi wa maeneo haya kuna gharama nyingine ya umbali. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni takriban kilomita 120, na bodi nyingi hutoka huko au katika maduka ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi, zikisafirishwa kwa basi kama mzigo. Bodi isiyolingana hurudishwa kwa njia hiyo hiyo, iwapo muuzaji atakubali kuipokea. Kila safari ni nauli na siku nyingine ya saiba kufungwa.

Mashine ya mezani na kipakatalishi

Aina ya mashine hubadilisha jibu. Kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa vipimo vya kawaida imekusudiwa kufunguliwa. Mtu makini, mwenye meza safi, bisibisi moja na picha za kila waya alizopiga kwa simu kabla ya kuuchomoa, aweza kuimaliza kazi kwa alasiri moja.

Sharti lake kuu ni ulinganifu. Bodi na prosesa hukutana katika soketi, na kwa prosesa za Intel jina la soketi ndilo hesabu ya miguso yake: 1155, 1151, 1200 au 1700. Prosesa ya soketi moja haiingii katika nyingine. Isitoshe, zipo bodi za soketi 1151 zinazofanana kwa umbo ila haziwezi kuendesha prosesa za kizazi kingine cha soketi hiyo hiyo. Kumbukumbu ya DDR3 nayo haikai katika nafasi ya DDR4. Kompyuta za ofisini za kampuni kama Dell na HP huleta utata zaidi kwa kuwa baadhi yake zina viunganishi vya umeme vya umbo lao pekee, hivi kwamba bodi ya kawaida haiwezi kuingia ndani ya kasha lake.

Mikono pia ina kosa lake. Katika soketi hizo za Intel, vipini zaidi ya elfu moja vyembamba kama nywele viko juu ya bodi yenyewe, na kimoja kikipindwa bodi mpya huwa takataka kabla ya kuwashwa. Grisi ya joto isipopakwa upya kati ya prosesa na kipoozaji, mashine hupata joto na kujizima.

Kipakatalishi ni habari tofauti. Bodi yake hukatwa kwa umbo la modeli moja tu, nyaya zake ni karatasi nyembamba zinazochanika, na katika modeli nyingi prosesa imelehemiwa moja kwa moja. Katika baadhi ya modeli mpya hata kumbukumbu na hifadhi zimelehemiwa, kwa hivyo kubadilisha bodi ni sawa na kubadilisha karibu mashine nzima na kupoteza faili zote zilizokuwamo. Hapa mwenyewe asiye na mazoezi hana sababu ya kujaribu. Hata mafundi wanaoweza kuitengeneza bodi hiyo, badala ya kuibadilisha tu, ni wale wenye hadubini, kipuliza hewa moto na michoro ya saketi.

Faili ni mali

Kabla ya bisibisi kushikwa na yeyote, kuna suala la faili. Kompyuta zenye ulinzi wa BitLocker hufungia data kwa ufunguo uliohifadhiwa katika chipu iliyo juu ya bodi. Bodi ikibadilishwa, mashine itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Asiyekuwa nao hatazifungua faili zake tena, hata kama diski ni nzima. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine nayo hufungamanishwa na bodi, na huenda ikahitaji kuamilishwa upya.

Kumwachia fundi mashine ni kumwachia pia picha za familia, barua, vitambulisho na nywila. Mwaka 2008, picha za faragha za mwigizaji Edison Chen wa Hong Kong zilisambaa duniani baada ya kuchukuliwa kutoka kwa kompyuta aliyoipeleka kutengenezwa. Fundi aliyehusika alifungwa jela mwaka 2009. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 inamwadhibu anayeingia katika data ya mtu bila idhini kwa faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ni nzuri, ila kuchomoa diski na kubaki nayo nyumbani ni kinga bora zaidi. Fundi wa bodi haihitaji diski ya mteja ili kujua kama bodi inawaka. Aweza kutumia yake.

Sheria inamlinda nani?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inachukulia kwamba kila mtoa huduma ameahidi ubora unaokubalika, hata kama hakutamka hivyo. Vilevile, inamzuia kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio aliyoyaweka katika makubaliano. Mzozo ukizuka, Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, inatarajiwa kuamua ndani ya siku 60, na mlalamishi haihitaji wakili.

Tatizo ni kwamba haki hizi zote zinasimama juu ya karatasi, na karatasi ndiyo inayokosekana. Makubaliano mengi na mafundi wa mitaani hufanywa kwa mdomo. Risiti inayotaja modeli ya bodi, namba yake, bei, tarehe na muda wa dhamana huchukua dakika mbili kuandikwa, na humgeuza mteja kutoka mlalamishi wa kibarazani hadi mtu mwenye ushahidi. Fundi mwaminifu naye hunufaika, kwa kuwa karatasi hiyo hiyo humkinga dhidi ya mteja anayerejea na bodi nyingine akidai ndiyo ile.

Bodi iliyokufa inakwenda wapi?

Jambo la mwisho huamuliwa na wachache. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 pekee zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelewa ipasavyo. Bodi za zamani zililehemiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya aina hiyo kuanzia Julai 2006, lakini mashine za kabla ya hapo hazikutoweka.

Wapwani wanaijua risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhuriwa na sumu kutoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni. Uamuzi huo ulifutwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2023, kabla ya kurejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Kiasi cha risasi kilicho katika bodi moja ni kidogo mno kikilinganishwa na betri, lakini kuchoma bodi jaani ili kupata shaba ni kuelekea njia ile ile. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imewatwika wazalishaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hata baada ya kutupwa, ila mwenye saiba wa Mambrui au Marafa bado anahitaji mahali karibu pa kuipeleka bodi yake.

Yanayofaa kufanywa

Kwa mwenye kompyuta ya mezani ya kawaida, aliyethibitisha kwamba bodi ndiyo mbovu, aliyehifadhi nakala za faili zake na kupata bodi inayolingana, hakuna sababu ya kuogopa kazi hii. Mwenye kipakatalishi, na yule ambaye siku moja ya mashine kulala inamgharimu zaidi ya ada ya fundi, atafanya vyema kulipa, mradi alipwe dhamana kwa maandishi. Na yeyote kati yao ambaye mashine yake haiwezi kupokea Windows 11 anafaa kulinganisha kwanza gharama ya bodi, prosesa na kumbukumbu mpya na bei ya mashine nyingine iliyotumika, au kufikiria mfumo usiolipiwa wa Linux.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi nayo ina nafasi, kwa kuwa Katiba imezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Vijana wengi wanaotengeneza kompyuta mitaani walijifunza kwa kutazama na kujaribu, na baadhi yao ni mahodari. Mamlaka ya NITA hutoa mitihani ya ufundi inayowapa watu wa aina hiyo vyeti. Kaunti ikiwagharamia mitihani hiyo, ikahimiza risiti za dhamana kama sharti la leseni ya biashara, na ikatenga sehemu ya kukusanyia bodi zilizokufa katika Malindi, Kilifi na Mariakani, itakuwa imewapunguzia wakazi mzigo wa kukisia.

Hadi hapo, mwenye saiba ataendelea kuamua peke yake, huku wateja wakisubiri mlangoni. Lililo muhimu ni kwamba kabla ya kutoa hata shilingi, aulize maswali mawili: ni nini kilichoiua bodi hii, na nyingine ikifa kesho, nani atalipa?